Mwenye Kuvaa Ndiye Aulizwe

Watu wengi hudhani kuwa nguo ya askari ni jambo la mafundi cherehani na la wapenda gwaride tu. Sisi hatuamini hivyo. Askari anapolala kifudifudi kwenye mteremko wa mlima, adui akimtafuta kwa darubini, nguo aliyovaa ni sehemu ya silaha zake sawasawa na bunduki aliyoshika. Wala nguo hiyo hakuichagua yeye. Ilichaguliwa na watu waliokaa mezani, mbali na mlima huo. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za gwanda moja la Jeshi la Marekani, lililotangazwa mwaka 2004, likaanza kugawiwa askari mwaka uliofuata, na likapigwa marufuku kabisa baada ya tarehe 30 Septemba 2019.

Gwanda hilo lilikuwa na vidoa vidogo vya mraba vya rangi tatu: kijivu, rangi ya mchanga, na kijani kilichofifia. Nyeusi haikuwamo, wala hudhurungi. Shabaha ya wakubwa ilikuwa kupata nguo moja itakayofaa jangwani, msituni na mjini. Tuseme kweli: shabaha hiyo haikuwa ya kipumbavu. Jeshi linalopeleka watu leo Iraki na kesho Afghanistan lina haki ya kutamani ghala moja na mtindo mmoja. Lakini wazo jema si lazima lizae nguo njema. Wataalamu wa jeshi huko Natick, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakijaribu michoro mbalimbali tangu mwaka 2002. Hata hivyo mchoro uliochaguliwa mwishowe haukupitishwa katika majaribio kamili kabla ya uamuzi. Uliamuliwa, ukashonwa, ukavaliwa. Kupimwa kulikuja nyuma.

Waliopima kwanza, basi, walikuwa askari wenyewe, na walipimia vitani. Huko Afghanistan ardhi ni ya hudhurungi, mabonde yana mashamba na bustani za kijani kibichi, na milima ina miamba yenye vivuli vyeusi. Macho ya mtu aliye mbali hayaoni vidoa vya mraba. Huona rangi zote zikiwa zimechanganyika kuwa moja, na rangi hiyo moja ilikuwa nyeupenyeupe kuliko kila kitu kilichomzunguka askari. Wakaanza kutaniana kwamba gwanda lao linamficha mtu akijilaza juu ya kochi tu. Utani wa askari usidharauliwe. Mara nyingi ndiyo njia pekee aliyo nayo mdogo ya kumwambia mkubwa wake kuwa amekosea, bila kuadhibiwa.

Tena kosa halikuwa la rangi peke yake. Mahali pa vifungo paliwekwa utepe wa kunatana, ule ambao ukiuvuta hulia kama kitambaa kinachochanwa. Ofisini utepe huo ni raha. Uwanjani hujaa vumbi na matope mpaka ukakataa kushika. Na usiku, kwenye doria, askari anayefungua mfuko kutafuta bandeji humtangazia adui mahali alipo. Suruali nazo zilipasuka msamba, malalamiko ambayo msomaji anaweza kuyacheka, lakini asiyacheke sana, kwa maana aliyepasukiwa alikuwa akiruka mitaro huku akipigwa risasi. Baadaye Jeshi lilivirudisha vifungo kwenye mifuko ya suruali. Ilichukua miaka kugundua faida ya kifungo!

Mambo yalibadilika pale askari wa vyeo vya chini walipofikisha malalamiko yao kwa mbunge John Murtha, na Bunge la Marekani likaliagiza Jeshi, mwaka 2009, litoe nguo inayofaa mazingira ya Afghanistan. Hapo ndipo lilipofanyika jambo lililopaswa kufanywa mapema. Vikosi viwili vya batalioni vilivyokuwa vitani vilipewa nguo za majaribio: kimoja mchoro ule wa zamani ulioongezwa rangi ya hudhurungi, na kingine mchoro mwingine kabisa, uitwao MultiCam. Zikapigwa picha za nguo hizo katika sehemu mbalimbali za nchi ile, na mamia ya askari waliopata kupigana huko wakaulizwa wanaona nini. MultiCam ikashinda, na kuanzia mwaka 2010 ikagawiwa wote waliokuwa wakipelekwa Afghanistan. Kuuliza kulichukua miezi michache tu.

Wala tusidhani kwamba Jeshi la nchi kavu lilikuwa peke yake. Hadi mwaka 2002 majeshi yote ya Marekani yalitumia michoro miwili ya pamoja, wa msituni na wa jangwani. Baada ya hapo kila jeshi likataka lake. Wanamaji walitengenezewa sare ya madoadoa ya buluu, na mabaharia wakauliza, kwa haki kabisa, inamficha nani na wapi, kwani mahali pekee ambapo baharia angefichika ni majini baada ya kutumbukia, yaani pale hasa anapotaka aonekane upesi. Mwaka 2012 sare hiyo, iliyokuwa nusu nailoni na nusu pamba, ilipimwa kwa moto. Ikawaka mpaka ikaisha. Na meli, kama kila mtu ajuavyo, ina mafuta, baruti na mabomba ya mvuke. Mabaharia wakapewa ovaroli zisizoshika moto upesi, na sare ya buluu ikaondolewa mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2012 wakaguzi wa hesabu wa Bunge walieleza kuwa Jeshi la nchi kavu lenyewe lilikadiria huenda likahitaji hadi dola milioni 4,000, kwa muda wa miaka mitano, ili kubadili magwanda na zana zinazoambatana nayo.

Kiburi cha mavazi si kigeni. Ufaransa ilijaribu gwanda la rangi ya kijivu na kijani mwaka 1911, na wazee wenye majina makubwa wakalipinga kwa kuwa waliona suruali nyekundu ndiyo heshima ya taifa. Kumbe rangi nyekundu yenyewe ilikuwa ikinunuliwa Ujerumani! Agosti 1914 vijana wa Ufaransa waliingia vitani na suruali zao nyekundu, mbele ya bunduki za rashasha. Hatusemi kuwa suruali ndiyo iliyowaua. Ukaidi wa kushambulia kifua wazi uliwaua zaidi. Twasema kuwa kichwa kilichokataa kubadili nguo ndicho kilekile kilichokataa kubadili mbinu. Waingereza walikuwa wamejifunza mapema kidogo, huko Peshawar katika miaka ya 1840, walipovivisha vikosi vya wenyeji nguo za rangi ya vumbi. Vumbi kwa Kiajemi ni asili ya neno letu kaki, na hata leo watoto wa shule huvaa kaptura zake.

Lakini habari inayotuudhi kuliko zote ni ya jeshi la Afghanistan lenyewe, ambalo lilisambaratika mwaka 2021. Mwaka 2007 waziri wake wa ulinzi alichaguliwa mchoro au, kwa usahihi zaidi, alijichagulia mchoro wa msituni uliompendeza macho, na Marekani ikaulipia. Mkaguzi wa Marekani alipochunguza mwaka 2017 alikumbusha kwamba misitu ni asilimia 2.1 tu ya ardhi ya nchi ile, na kwamba uchaguzi huo uliongeza gharama ya hadi dola milioni 28. Askari wa Kiafghani, aliyekufa akilinda kituo cha barabarani penye mawe matupu, hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 2014 Jeshi la Marekani hatimaye lilichagua mchoro mpya kwa askari wake wote, nao ukaanza kuuzwa katika maduka ya jeshi Julai 2015. Mchoro huo ulitokana na ule uitwao Scorpion, ambao Jeshi lilikuwa limetengenezewa na kuumiliki tangu mwaka 2002, miaka miwili kabla ya kutangaza gwanda la kijivu.