Vifuniko Vinavyowashinda Wagonjwa



Nataka niwafikishie wenye viwanda na wauza dawa shida ambayo sisi wenye baridi yabisi tumeistahimili siku nyingi kwa kuona haya kuisema.

Kila asubuhi vidole vyangu huamka vimekakamaa na vifundo vimevimba, hata nisiweze kufunga vifungo vya kanzu mpaka jua lipande. Na vidonge vya kutuliza maumivu hayo nauziwa katika chupa ambayo kifuniko chake hakizunguki ila ukigandamize kwa kiganja, kisha ukizungushe ungali umekigandamiza, yaani kinadai nguvu zile zile ambazo maradhi yamekwisha kuninyang'anya. Jirani yangu, ambaye kiharusi kilimwachia mkono mmoja tu wa kazi, huikata chupa kwa kisu, na vidonge vikakaa wazi kikombeni, katika nyumba yenye watoto wadogo.

Siikanushi hekima ya kifuniko hicho, kwani Dakta Henri Breault, tabibu wa watoto wa Ontario, Kanada, alikihimiza mwaka 1967 kwa kuwahurumia watoto waliokuwa wakidhurika kwa kumeza dawa. Lakini Marekani, ilipotunga sheria ya vifuniko hivyo mwaka 1970, haikuwasahau wagonjwa, bali ilimruhusu mwenye kuhitaji aombe chupa ya kifuniko cha kawaida, na baadaye ikawekwa kanuni kwamba vifuniko hivyo vijaribiwe pia na watu wa miaka 50 hadi 70.

Wala dhiki hii haikomi kwenye dawa. Chupa ya mafuta ya kupikia ina kipete cha plastiki cha kuvuta shingoni, chembamba hata kidole kilichovimba hakipenyi. Na pakiti ya maziwa haina mahali pa kuanzia kuchana, mtu akalazimika kutumia meno, kama anayo.

Kwa hiyo nawasihi wauza dawa wamwulize kila mnunuzi kama mikono yake yaweza kufungua anachopewa, na wawe na vifuniko vyepesi vya akiba kwa asiyeweza, wakimwusia aiweke dawa mbali na watoto. Na wenye viwanda, kabla ya kupeleka bidhaa sokoni, wawape wazee na wagonjwa waifungue mbele yao. Sisi nasi tumelipa thamani kamili, na ni haki yetu kukifikia tulichokinunua bila kuomba msaada wala kushika kisu.


Msomaji,
Tanga