Chachu ikinyamaza siku ya nne, usiimwage

Leo hebu tuingie jikoni tuoke mkate usiotiwa hamira ya dukani hata chembe. Huumuliwa kwa chachu uliyoifuga mwenyewe, kwa unga na maji tu.

Usidhani ni jambo geni. Ule uji wa kuchachua, ambao nyanya zetu huuloweka unga wake siku mbili tatu kabla ya kuuinjika, ni kazi ya namna hiyo hiyo. Ndani ya unga mna hamira ya asili na bakteria. Hamira hutoa hewa inayouvimbisha mkate, nao bakteria huupa ule ukali wake.

Tafuta chupa safi ya jemu. Tia gramu 25 za unga wa atta na mililita 25 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Koroga, ufunike bila kukaza kifuniko, kwani hewa ikikosa pa kutokea yaweza kuipasua chupa. Kuanzia kesho yake, kila siku bakisha gramu 25 tu, uongeze unga na maji kwa kiasi kile kile.

Sasa hapa ndipo wengi hukata tamaa. Siku ya pili povu litafurika, ufurahi, uite majirani. Siku ya tatu au ya nne, kimya! Mimi nilimwaga chupa mbili hivyo, nikamlaumu mwenye duka ati kaniuzia unga uliolala. Mama mkwe alipotuzuru akaniuliza, "Mwanangu, na uji ukichelewa kuchacha pia huumwaga?" Nilikosa la kusema.

Kumbe povu la kwanza si la hamira. Ni la bakteria wengine, ambao ukali ukizidi hunyamaza. Hamira nayo huamka polepole baadaye. Kwa hivyo endelea kuilisha. Mombasa yaweza kuwa tayari kwa juma moja. Nairobi, hasa baridi ya Julai, hata majuma mawili. Utaijua: ukiilisha huongezeka maradufu kwa muda wa saa nne hadi nane, na hunukia kama mala. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, hapo mwaga yote, uioshe chupa kwa maji moto.

Siku ya kuoka, chukua chachu gramu 25, uilishe unga gramu 50 na maji mililita 50. Ikishaumuka, gramu 100 ni za mkate. Zilizobaki ni mbegu ya kesho. Ukiwa na friji iweke humo, uilishe mara moja kwa juma.

Changanya unga mweupe gramu 400, atta gramu 100, maji mililita 310, chumvi gramu 10 na ile chachu. Kanda dakika kumi. Funika mpaka uongezeke nusu. Penye joto huchukua muda wa saa tatu au nne, penye baridi sita au zaidi. Usitazame saa, tazama unga. Viringisha, uache tena saa moja au mbili.

Mwenye joko apashe chungu cha chuma chenye kifuniko hadi digrii 230, aoke dakika 20 kikiwa kimefunikwa na 20 nyingine kikiwa wazi. Nawe mwanafunzi uliyepanga chumba, sufuria nzito iliyopakwa mafuta yatosha: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Lakini jiko liwe nje! Moshi wa makaa ndani ya chumba huua.

Ugonge mkate chini. Ukilia kama ngoma, umeiva. Uache upoe saa nzima kabla ya kuukata, maana ndani bado unajikamilisha. Watoto watakuzunguka wakidai kipande. Kificheni kisu.