Goma: Nyumba ya kuuza, rangi si ya kwanza

Tembea Goma kutoka Ndosho hadi Himbi, utasoma ukutani maneno ya aina mbili. Kuna "Maison à vendre" na namba ya simu chini yake. Kuna pia "Parcelle à ne pas vendre", mara nyingi kwa herufi kubwa zaidi. Haya ya pili ni ya mwenye nyumba anayeogopa kwamba ndugu, mpangaji au komisioneri atauza mali yake akiwa mbali. Katika mji kama huu mnunuzi anafika mlangoni na wasiwasi wake tayari, na kazi ya kwanza ya muuzaji ni kumwondolea wasiwasi huo.

Makomisioneri wengi wanashauri mengine. Familia ikisema inataka kuuza, inaambiwa: pakeni rangi, wekeni pazia, ondoeni hao watu waliojaa ndani. Ushauri rahisi kwa anayeutoa, maana rangi hainunuliwi na pesa yake. Familia iliyokwisha kula akiba yote inakopa ili ipate ndoo mbili za rangi. Mnunuzi anakuja, anatazama pembe za ukuta, halafu anauliza karatasi ziko wapi.

Anatazama pembe kwa sababu anaujua mji wake. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku kadhaa na nyumba nyingi zikapasuka. Ufa uliozibwa jana kwa simenti unaonekana hata chini ya rangi mpya, na akiuona mnunuzi anaanza kutafuta kingine kilichofichwa. Heri uachwe wazi, muuzaji aseme ulitokea lini na kama bado unapanuka. Ni vilevile kwa parseli za upande wa Bulengo na Lac Vert, ambako mabondeni kuna mazuku, hewa ile isiyo na harufu inayoua mifugo na watu. Kunyamazia mazuku ili bei isishuke ni kumuuzia mtu kaburi. Hapo hakuna cha kujadili.

Kama kuna pesa kidogo ya kutengeneza, iende kwenye bati linalovuja na kwenye choo. Kuchimba shimo katika mawe ya volkeno ni kazi ya nyundo na ya siku nyingi, kwa hiyo Goma choo kizuri ni mali. Mfereji unaopeleka mvua kwenye tanki nao utathaminiwa na kila mama aliyewahi kupanga mstari na bidoni. Kiwanja kinataka ufagio tu.

Karatasi sasa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Wengi hawana cheti hicho. Wana fishi ya parseli, au karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa kata na mashahidi. Si haba, lakini iitwe kwa jina lake. Anayesema ana cheti huku mkononi ana fishi anajitafutia kesi. Mipaka nayo ipitiwe pamoja na majirani wa pande zote, hasa pale ambapo lava ya Januari 2002 ilifunika alama za zamani na watu wakajenga upya juu ya mawe.

Halafu kuna jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kulisikia. Sheria ya familia inadai mume na mke wakubaliane wote wawili kabla ya kuhamisha haki ya ardhi. Na kama baba alishafariki, watoto wote ni warithi, wa kike kwa wa kiume, na mjane ana haki ya kutumia nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Kaka mkubwa anayeuza peke yake anauza kesi, hata kama mnunuzi ameshalipa. Kikao cha familia, chenye maandishi na sahihi za wote, kinafaa kuliko pazia kumi.

Lile la "ondoeni watu" ndilo baya kuliko yote. Kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, si wote waliopata njia ya kurudi kijijini. Wako walioingia kwa ndugu, na wako wanaolinda nyumba ambazo wenyewe wamekimbia. Siku ya mnunuzi, mama na watoto wanaambiwa wakae barabarani mpaka mgeni aondoke, mikeka na masufuria yanapelekwa kwa jirani, ili nyumba ionekane tupu. Mnunuzi analipa, anarudi na funguo, anakuta watu. Wanaoumia ni wale wahami: wanatolewa na mtu ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba wapo, na hana deni lolote kwao.

Aambiwe mapema. Wako wangapi, wanatoka tarehe gani, na iandikwe ndani ya karatasi ya mauzo. Sehemu ya malipo ya kwanza itengwe ili wapate kodi ya miezi michache mahali pengine. Bei inaweza kushuka kidogo. Lakini familia ile ndiyo iliyozuia mbao na madirisha yasiibwe mwenyewe alipokuwa mbali, na mlinzi angelipwa kila mwezi.

Wenye nyumba walio Bujumbura, Kampala au Beni wana tatizo lingine. Kumpigia mdogo wako simu na kusema "uza" hakutoshi. Anahitaji barua ya uwakilishi iliyothibitishwa na notari, inayotaja parseli hiyo, bei ya chini kabisa, na nani atapokea pesa. Hili la pesa lisiachwe mwisho. Benki za Goma zilifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na tangu hapo nyumba inaweza kulipwa kwa noti ndani ya mfuko. Kabla ya mnunuzi wa kwanza kubisha hodi, familia iwe imekwisha kupatana juu ya mahali pa kuhesabia, mashahidi watakaokuwapo, na nani atazichunguza dola moja moja.