Silinda sita zinavuta, je, zinasimamisha?

Wadau, muulize mwenye Land Cruiser pikapu anayevuta tela la magunia ya alizeti hapa Singida, jibu ni moja: "Hii silinda sita, inavuta mlima wowote!" Sibishi. Injini ya 1HZ, lita 4.2, inavuta kweli. Lakini ukitoka Misigiri kwenda Shelui, mlima Sekenke unaushuka. Hapo tela zito lisilo na breki zake linaisukuma pikapu kwa nyuma. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, mwisho hazishiki, na mbele yako kuna basi la Mwanza limejaa abiria. Kwa maoni yangu, tela la namna hiyo lisishuke Sekenke na mzigo. Nawe dereva, ingiza gia ya pili kabla ya mteremko, si katikati. Au nakosea? Nawasilisha.