Si Kila Muziki wa Asili ni Ngoma

Majuzi, hapa Songea, nilialikwa kusikiliza ughani wa mashairi. Kijana mmoja mwenye kipaji kisicho na shaka alighani shairi lake kuhusu alfajiri katika milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma. Nyuma ya sauti yake aliweka muziki kutoka simuni: filimbi ya ugenini, matone ya mvua, na ndege ambaye, kwa masikio yangu ya uzeeni, hajapata kutua kwenye mti wowote wa Matogoro. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu. Muziki wetu wa asili ni wa kishindo. Hauna utulivu."

Simlaumu yeye. Nawalaumu walimu wa rika langu, nami nikiwamo, kwani ndivyo tulivyomfundisha. Shuleni tuliufanya muziki wa asili kuwa kitu cha kumpokea mgeni rasmi: lizombe linachezwa, vumbi linatimka, mgeni anatabasamu, watoto wanarudi darasani. Lizombe nalipenda, na asiyelipenda hajasimama karibu nalo. Kosa letu ni kulifanya kipimo cha kila kitu. Lugha nayo imetusaidia kupotoka. Neno ngoma limebeba ala, mchezo, sherehe na, siku hizi, hata wimbo mpya wa redioni. Kisichopigwa kwa kiganja au mkwiro kimekosa jina, na kwa kukosa jina kimekosa msikilizaji.

Chukueni ilimba ya Wagogo. Ni kisanduku cha mbao chenye ulimi baada ya ulimi wa chuma, huchezwa kwa vidole gumba. Matundu yake huwambwa utando wa buibui, makusudi, ili kila mlio uambatane na mvumo mwembamba, kama wa nyuki walio mbali. Mgeni aliyezoea sauti zilizosafishwa huudhani mvumo huo ni hitilafu. Lakini ni nani aliyetuambia kuwa utulivu ni ukimya mtupu? Kaeni porini jua likichwa: nyenje, upepo katika nyasi kavu, maji yapitayo chini ya mawe. Utulivu wetu huvuma. Ilimba inalijua hilo; filimbi ya simuni hailijui.

Nitaambiwa muziki huo haupatikani. Si kweli. Hugh Tracey alirekodi ala za Tanganyika mwaka 1950, na kazi yake imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Hukwe Zawose, fundi wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kupitia Real World ya Uingereza. Wasikilizaji wa London walimtafuta. Sisi tulikuwa naye Bagamoyo. (Nakiri: mimi mwenyewe nilipita miaka arobaini kabla ya kulijua jina la ilimba.) Simu iliyomletea kijana wetu filimbi ingemletea pia Zawose, kama angekuwa na neno la kuiuliza.

Basi, ndugu washairi, mnaobishana hapa usiku kucha kuhusu vina na mizani, nitajieni ala moja ya kwenu isiyo ngoma, pamoja na jina la mlio wake.