Akili Unde Imwone na Mwenye Magunia Kumi

Januari 2022, Uganda ilipoagiza madereva wa malori wapimwe korona kwa malipo mpakani, foleni ilirefuka makumi ya kilomita kutoka Malaba na Busia kuelekea ndani ya Kenya. Mafuta yakaadimika Uganda, bei zikapanda.

Leo programu za akili unde zinaweza kumsaidia mwenye malori kujipanga mapema. Zinasoma gari liko wapi na magari hukaa mpakani kwa muda gani, kisha zinashauri lipi liondoke Mombasa usiku, lipi lipite Busia badala ya Malaba, na lipi lingoje mzigo wa kurudi.

Taarifa za kulisha programu hizo zipo. Tangu 2017, Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia shehena zinazopita nchi kwa nchi kwa lakiri za kielektroniki. Lakini mama wa Nagongera anayepeleka magunia kumi ya mahindi Kenya hana lakiri. Huchangia lori na wenzake, na huvuka kwa utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki, ulio wa mizigo isiyozidi dola 2,000. Mashine haimwoni, na asiyeonekana hapangiwi nafasi.

Hasara hapo ni ya wote. Malori mengi hurudi Mombasa yakiwa matupu, kwa kuwa bidhaa zinazoingia ni nyingi kuliko zinazotoka. Lori tupu linapita Tororo huku magunia ya Nagongera yakisubiri usafiri wa bei nafuu.

Mamlaka za mapato za Kenya na Uganda zitangaze hali ya foleni ya Malaba na Busia kila siku kwa ujumbe mfupi unaosomeka hata kwenye simu ya kitochi, kwa Kiswahili, Kidhopadhola na Kiteso. Vyama vya wafanyabiashara navyo viorodheshe mizigo ya wanachama kwa pamoja, ili magunia kumi ya huyu na ishirini ya yule yawe shehena inayoweza kutafutiwa lori.

Hakuna programu inayofungua geti lililofungwa, wala inayoharakisha karani ambaye mtandao wake umekatika. Kazi hiyo inabaki ya serikali. Akili unde ni mgeni mpakani, na wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa mpaka huu ni pamoja na mwenye magunia kumi.