Vinyama vya utumbo mpana vikishatolewa, urudi kupimwa lini?

Mama yako alipimwa utumbo mpana kwa kamera (kolonoskopia), wakamkuta na vinyama viwili vidogo, wakavitoa. Zamani angeweza kuambiwa arudi baada ya miaka 5. Leo daktari anaweza kumwambia asubiri miaka 7 hadi 10. Wewe unayemhudumia unajiuliza: wamempuuza, au ni kubana matumizi?

Hapana. Ushauri umebadilika, na kuna sababu.

Je, vinyama hurudi?

Ndiyo, mara nyingi. Vinyama hivi, au polipu, huota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Aina iitwayo adenoma ndiyo inayoweza kugeuka saratani, lakini kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulifuatilia watu waliokwisha kutolewa adenoma. Miaka 3 baadaye, asilimia 32 ya waliorudi mara moja tu kupimwa walikutwa na adenoma nyingine. Lakini zile za hatari, yaani kubwa au zenye mabadiliko makubwa, zilikuwa kwa asilimia 3.3 tu. Waliopimwa mara mbili katika muda huo, mwaka wa 1 na wa 3, nao walikuwa na asilimia hiyo hiyo. Kupimwa mara nyingi zaidi hakukuwaongezea kinga.

Fahamu pia kwamba si kila kinyama "kilichorudi" ni kipya. Vingine vilikuwepo ila havikuonekana, hasa kama utumbo haukusafishwa vizuri kabla ya kipimo. Ndiyo maana ile dawa ya kuharisha inywewe yote kama ilivyoelekezwa, hata ikichosha.

Muda unaoshauriwa sasa

Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walitoa mwongozo mpya kwa watu ambao kipimo chao kilifanyika vizuri:

- Hakuna kinyama: rudi baada ya miaka 10.
- Adenoma 1 au 2, chini ya milimita 10: miaka 7 hadi 10.
- Adenoma 3 au 4 ndogo: miaka 3 hadi 5.
- Adenoma 5 hadi 10, au hata moja yenye milimita 10 au zaidi: miaka 3.
- Zaidi ya 10: mwaka 1.

Kwa hiyo mwenye vinyama vichache vidogo amepewa muda mrefu kwa sababu hatari yake ni ndogo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kamera hii hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa za mijini, hilo ni muhimu: nauli na gharama zisiishie kwenye kipimo kisichohitajika, na mwenye kinyama kikubwa asikose nafasi yake.

Tatizo ni kwamba miaka 7 ni mingi. Watu huhama, simu hubadilika, karatasi hupotea. Hatari kubwa kwa familia nyingi ni kusahau kabisa.

Wewe mlezi, fanya haya

Omba ripoti ya kipimo na majibu ya maabara. Yaonyeshe idadi ya vinyama, ukubwa, aina, na kama utumbo ulikuwa safi. Piga picha kwa simu, mtumie na ndugu mwingine. Andika mwaka wa kurudi.

Usisubiri mwaka huo ukifika kama kuna damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au mtu anakonda bila sababu. Damu isihukumiwe kuwa bawasiri kabla ya kupimwa.

Na wewe mwenyewe

Mama mwenye upungufu wa damu usioisha huambiwa ni hedhi. Inaweza kuwa hivyo, lakini inaweza pia kuwa damu inayovuja polepole kwenye utumbo. Muulize daktari.

Mwaka 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45, kwa kuwa saratani hii inaongezeka kwa watu wa umri mdogo. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliipata kabla ya miaka 60, ushauri ni kuanza ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yeye, ipi itangulie. Ripoti ya mama yako, basi, ni yako pia.